Tiki Niliyowafundisha Kuiamini

Nimestaafu. Neno lenyewe zuri, utadhani niliagwa kwa keki na hotuba. Ukweli ni kwamba asubuhi moja niliandika nywila yangu, kompyuta ikanikataa. Nikaiandika tena polepole, herufi moja moja, ikanikataa tena. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Devota, binti aliyekaa meza ya jirani yangu miaka yote ile na ambaye sasa anafanya kazi kama ile yetu ya ukaguzi wa mtandao kwa kampuni nyingine, ameniambia, "Mama, andika. Hawa wenzangu wapya ndiyo kwanza wanaanza, wewe umeona mwanzo na mwisho." Nikamwambia mwisho wake haufurahishi. Akasema andika hivyo hivyo. Haya basi, naandika, na mkichoka katikati msinilaumu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa posta, hapa Bukoba mjini, dirisha la telegramu. Ninyi wa siku hizi hamjui telegramu. Ilikuwa ujumbe mfupi unaolipiwa kwa neno, kwa hiyo watu walijifunza kutobwabwaja. Mkubwa wangu alikuwa Mzee Kamugisha, Mlutheri mkavu, shati jeupe kila siku, kalamu mbili mfukoni na hakuazima mtu hata moja. Wiki yangu ya kwanza alikuja kijana akitaka kutuma ujumbe Mwanza kwamba baba yake amefariki. Nikachukua fomu, nikaanza kuandika. Mzee akaweka mkono juu ya karatasi.

"Nani amemwona?" akamuuliza yule kijana.

"Nimeambiwa na dereva wa gari la Muleba."

"Dereva amemwona?"

Mzee akamrudishia fomu yake. "Kamwone kwanza, waitu, ndugu yangu. Kifo hakina haraka hiyo."

Kesho yake kijana alirudi, amekunja uso kwa aibu, akasema baba anakunywa uji. Mzee hakucheka wala hakunisema. Aliniambia tu kwamba dirisha letu ni kama mlango wa nyumba ya watu, na anayekaa mlangoni lazima aulize. "Nani amemwona?" Maneno hayo mawili ndiyo elimu yangu yote. Vyeti vingine nilivyonavyo ni vya kuning'iniza ukutani.

Telegramu zilikufa. Mzee Kamugisha naye akafa, na huyo nilimwona mwenyewe. Mimi nikahangaika hapa na pale, hadi siku moja nikasikia kuna kampuni inatafuta watu wazima wanaojua Kiswahili na Kihaya vizuri, wa kukagua yanayoandikwa kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kijamii. Mtandao wenyewe sitautaja. Mnaujua, na wengine mnausoma sasa hivi badala ya kufanya kazi.

Siku ya kwanza tulikuwa watano, chumba kimoja cha ghorofani karibu na soko, mafeni mawili na betri kubwa ya kutuokoa umeme ukikatika. Mbele yako kuna foleni ya yale ambayo watu wameyalalamikia. Unasoma, unabonyeza: acha, ondoa, au peleka juu kwa wakubwa wa nje. Nilidhani nitasoma siasa. Loo! Siku ile ya kwanza nilisoma mambo ambayo ningeyatamka, mama yangu angeniosha mdomo kwa sabuni. Mchana sikula. Devota, ambaye alikuwa ameanza mwezi mmoja kabla yangu, akanipa nusu ya ndizi zake na maharage, akasema, "Utazoea, mama." Nikazoea, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka.

Vifaa vyangu vilikuwa viwili. Cha kwanza ni kompyuta ya kampuni. Cha pili ni daftari langu la jalada gumu, na hicho hawakunipa wao. Humo niliandika namba za simu za watu: katekista wa Buganguzi, mwinjilisti wa Izimbya, mtendaji wa kijiji huyu na yule, mwenye duka Kagoma. Kila nilipokuta habari ya kifo, ya ugonjwa, ya mtu kutuhumiwa, nilipiga simu kwanza. "Nani amemwona?" Wakubwa wa nje walitaka nikague kila kipande kwa nukta chache tu, na kila mwezi waliniandikia kwamba mimi ni mzito. Nilikuwa mzito kweli. Ila hakuna mtu wa Kagera aliyezikwa hai kwenye zamu yangu.

Isipokuwa yule mzee wa Izimbya, na huyo alikuwa funzo. Mtu mmoja aliandika kwamba mzee fulani ametutoka, akaweka na picha yake. Mimi siku hiyo nilikuwa naumwa malaria, nimelala nyumbani. Kesho yake ukoo ukatokea Karagwe, ukatokea Mwanza, wanawake na vilio kuanzia barabarani, wanaume na mikungu ya ndizi kichwani na madumu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, maana kwetu huendi msibani mikono mitupu. Wakamkuta marehemu shambani anapogolea migomba. Aliwapokea vizuri. Aliniambia baadaye, "Nilifikiri kuna harusi wamenificha." Ndizi zikapikwa, rubisi ikanywewa, marehemu akilewa kuliko wote. Tulicheka sana, lakini mke wa yule mzee alikuwa ameanguka aliposikia vilio, na tangu siku ile upande wake mmoja haukufanya kazi sawasawa.

Hapo ndipo nilipoanza habari ya tiki.

Tiki, kwa wasioijua, ilikuwa alama ndogo ya bluu mbele ya jina. Maana yake ilikuwa moja: huyu anayeandika, tumemhakiki, ndiye kweli. Haikuwa rahisi kuipata. Nilikuwa napeleka mwenyewe makaratasi ya ofisi za huku kwetu, barua yenye muhuri, kitambulisho cha anayeandika, namba ya simu ya mezani niliyoipiga nikasikia inaitikiwa. Nikituma juu, wiki tatu, wiki sita, ndipo tiki inakuja. Moja ilichukua miezi minne kwa sababu muhuri ulikuwa umefifia, nami sikukubali. Devota alinitania kwamba kwangu hata Mtakatifu Petro angeombwa kitambulisho.

Nikaona haitoshi kuzitoa tu, watu wajue kuzisoma. Kampuni haikunituma. Jumapili nilikwenda parokia moja, Jumapili nyingine usharika mwingine, nikimwomba padre au mchungaji dakika tano baada ya matangazo. Nilisimama Buganguzi, nilisimama Kagoma siku ya gulio juu ya kreti ya soda. Nikainua simu yangu. "Mkiona jambo la kutisha, msikimbie, msilie, msishike panga. Angalieni kwanza. Lina tiki? Ni wao. Halina? Achaneni nalo." Nikawaimbisha kama watoto wa darasa la kwanza. Mimi nasema, "Lina tiki?" wao wanaitikia, "Ni wao!" Wakaniita Mama Tiki. Nilijivuna, sitaki kudanganya. Mtu akinipita njiani na kunisalimia Mama Tiki, nilitembea nikiwa mrefu zaidi kidogo.

Buganguzi nilikuwa na sababu yangu ya ziada. Ma Koku aliishi huko, mdogo wa mama yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Mjane, watoto wake wako mbali, kibanja chake kiko juu ya kilima, migomba imesimama vizuri kuliko ya wanaume wenye nguvu. Nyumba yake ilijulikana kwa kitu kimoja, kahawa ya kutafuna. Wageni wa mbali wasiojua, hii ni buni iliyochemshwa na majani ya harufu nzuri ikakaushwa, na kwetu mgeni hakai bila kupewa. Ma Koku alikuwa na kikapu kidogo cha ukili chenye kifuniko. Ukivuka tu kizingiti kikapu kiko mbele yako, kabla hata hujasema umetokea wapi. Alimpa padre, alimpa mwomba kura, aliwapa watoto waliotoka shule, alimpa hata yule aliyemwibia mbuzi. Nilimuuliza kwa nini huyo naye. "Si alikuja mlangoni?" akasema.

Kisha akaja tajiri.

Nimeahidi kutotaja majina, na yeye hahitaji, amekwisha kujitaja vya kutosha. Tajiri wa dunia, mwenye viwanda na mitambo, akaununua mtandao wote kama mtu anavyonunua ng'ombe mnadani baada ya kubishana na wenzake. Wengine walisema kaununua kwa hasira, wengine kwa mchezo. Alisema anakuja kuwarudishia watu uhuru wa kusema. Nami sikuona ubaya. Nilifikiri, mtu mwenye akili ya kutengeneza mitambo mikubwa vile atashindwaje kuuliza kabla ya kubomoa? Mungu wangu, jinsi nilivyokuwa mjinga!

Wiki ya kwanza alituandikia wote, dunia nzima, kwamba kila mtu aeleze kazi yake kwa sentensi moja. Devota aliandika, "Nasoma Kiswahili." Mimi niliandika, "Nakaa mlangoni nauliza nani amemwona." Hakuna aliyejibu. Wiki ya tatu wenzetu wawili wakakataliwa na kompyuta zao. Ya tano, mwingine. Tukabaki mimi na Devota na mafeni mawili. Tukaambiwa kazi ya ukaguzi sasa itafanywa na mashine, na kwenye orodha ya lugha za mashine nilitafuta Kihaya kuanzia juu hadi chini, na chini hadi juu. Hakikuwamo. Kiswahili kilikuwamo, lakini Kiswahili cha mashine ile mnakijua wenyewe.

Kisha akaanza kuuza tiki. Ndiyo, kuuza. Hakuna muhuri, hakuna barua, hakuna simu ya mezani. Unalipa, unapewa, kwa jina lolote utakalo. Tena akatangaza kwamba mwenye kuangaliwa na watu wengi atalipwa naye. Nilisoma tangazo lile nikiwa nimesimama. Nikamwambia Devota, "Huyu mtu ametoa mihuri yote ya posta akaigawa sokoni." Devota akaniuliza, "Mama, wale watu uliowaimbisha watajuaje?"

Nilimwambia nitawazungukia tena. Nilisema hivyo. Lakini tulikuwa wawili kwenye foleni ya watu watano, na foleni ilikuwa imeongezeka mara nyingi, maana waliofukuzwa zamani kwa matusi wote walikuwa wamerudishwa na kukaribishwa. Nikasema Jumapili hii. Ikapita, nikasema ijayo. Vijana, kama mtachukua neno moja tu hapa, lichukueni hili: ukifundisha watu kitu, na kitu kikabadilika, siku hiyo hiyo waambie. Mimi nilichelewa Jumapili nne.

Jumatatu ya tano, ile habari ikatokea kwenye foleni yangu. Akaunti ilijiita kwa jina kama la ofisi ya afya ya huko kwetu, jina la kubuni, ofisi kama hiyo haipo. Ilikuwa na tiki. Iliandika kwamba Buganguzi kuna mama mzee anayewapa watu kahawa yenye sumu, kwamba watoto wameshaugua, wananchi wachukue hatua. Chini yake picha, Ma Koku mlangoni kwake, anatabasamu, ameshika kikapu.

Nilibonyeza ondoa. Kompyuta ikanijibu kwamba akaunti iliyothibitishwa haiwezi kuondolewa kwa uamuzi wangu. Nikapeleka juu. Juu hapakuwa na mtu. Jibu lilikuja hapo hapo, la mashine: habari hii haijavunja utaratibu wowote. Nikapeleka tena, nikaandika kwa Kiingereza, nikaandika kwamba ni mama yangu mdogo, wataniulia mama. Haijavunja utaratibu wowote. Devota akapeleka kutoka mezani kwake. Jibu lile lile, hadi nukta ya mwisho. Ilikuwa inasambaa tunaiona, namba chini yake zikipanda.

Nikashika daftari langu, nikampigia mtendaji wa kijiji, kijana msikivu niliyemfahamu tangu somo langu la kwanza la tiki.

"Mtendaji, ile habari ya Ma Koku ni uongo. Nani ameugua? Nani amemwona mtoto mgonjwa?"

"Shikamoo, Mama Tiki. Mgonjwa mimi sijamwona."

"Marahaba. Basi waambie watu!"

"Nimewaambia, mama. Wananiambia ina tiki. Na mimi mwenyewe nimeangalia, kweli ina tiki." Halafu akasema, bila ubaya wowote, kama mtoto anayerudia somo lake, "Si wewe uliyetufundisha?"

Sina la kuongeza hapo. Niliishi miaka mingi na maneno mawili ya Mzee Kamugisha, na sasa nitakufa na haya matatu ya mtendaji.

Nilikwenda Buganguzi siku ile ile. Hawakumpiga, nashukuru kwa hilo, watu wa kwetu si wanyama. Walifanya jambo jingine. Kisima cha pamoja wakamwambia asichote. Watoto wakakatazwa njia ya kwake. Na Jumapili iliyofuata, alipokuwa misani, amekaa benchi peke yake, watu wakaingia kibanjani wakakata migomba. Yote. Asiye wa kwetu haelewi hilo. Kwetu mgomba ndio nyumba, ndio baba na babu aliyelala chini yake. Aliyekukatia migomba amekuambia kwamba hukuwahi kuwapo. Waliokata, bila shaka, siku ile walikosa misa. Sijui kama hilo walikwenda kuliungama.

Niliomba ruhusa nikasimama pale pale kanisani niliposimama zamani. Nikawaambia tiki sasa inauzwa, haina maana tena, nimekosea, nisameheni. Hawakunizomea. Mama mmoja wa makamo, mwenye mtoto mgongoni, akainuka akauliza, "Sasa tuamini nini?" Nikafungua mdomo. Zamani ningesema, ulizeni nani amemwona. Lakini walikuwa wamemwona, jamani! Walimwona Ma Koku kila siku miaka sitini, walikula kahawa yake wakiwa watoto na wakiwa wazazi, na haikuwasaidia kitu mbele ya alama ndogo kama punje ya mtama. Nilikaa chini.

Wiki ile ndiyo kompyuta iliponikataa. Devota alifuata siku tatu baadaye. Akaunti ile ilibadilisha jina, sasa inauza viatu vya mtumba, na tiki yake inayo bado. Aliyeifungua simjui hadi leo. Labda alitaka kibanja, labda alitaka tu kuangaliwa alipwe. Tajiri naye nasikia ameshahamia mchezo mwingine.

Ma Koku nilimleta mjini, anaishi nami. Alikubali kuja bila kubisha, na kwa mtu aliyekuwa mbishi kama yeye hilo liliniuma kuliko machozi. Lakini kabla hatujaondoka Buganguzi kuna jambo lilitokea, na nimezunguka kurasa zote hizi nikilikwepa.

Siku ile nilipofika mbio kutoka Bukoba, nilimkuta mlangoni, uso wake umenywea, na aliponiona akafanya alichofanya siku zote. Akaingia ndani, akatoka na kikapu, akafungua kifuniko, akaninyooshea. Nilikuwa nimeisoma ile habari mara arobaini tangu asubuhi. Nilijua ni uongo kuliko mtu yeyote duniani. Mkono wangu ukasita. Si muda mrefu, ni kama kupepesa jicho, kisha nikachukua buni mbili nikatafuna haraka haraka, nikamshukuru kwa Kihaya, "Kasinge, mama." Alikuwa ameshaona.

Kwetu rubisi ndiyo huonjwa na mwenye nyumba kabla ya mgeni. Kahawa haikuwahi kuhitaji hivyo. Lakini hapa kwangu, kila asubuhi nikitoka chumbani, Ma Koku ananisubiri na kikapu chake. Anachukua moja, anaitia mdomoni, anatafuna akinitazama, anameza. Kisha anafungua mdomo nione kwamba umebaki mtupu, ndipo ananinyooshea na mimi.